Canter Iliyokunywa Mto

Imevutwa kutoka Kyela,
kamba ya katani shingoni kama ndama wa mnada,
ikapandishwa Rungwe usiku, ikateremshwa Uyole,
ikaachwa nyuma ya gereji ya Gwamaka.
Milioni nne na nusu, anasema mwenyewe.
Anasema maji yaligusa matairi tu.

Mimi sikuja kununua gari.
Gari ninalo: limelala Mlima Nyoka, leo siku ya tisa,
giaboksi imesagika kama karanga kinuni,
na magunia sitini ya viazi vya Isyonje
niliyauza palepale barabarani
kwa watu waliokuja na ndoo.
Nimekuja kununua utumbo.

Gwamaka hazungumzi na mwenye mali.
Anachomoa kijiti cha oili, ananionyesha:
chai ya maziwa.
Anagonga taa ya nyuma kwa ukucha;
mna maji hadi leo, na ndani ya maji
viluwiluwi wawili wa mbu wanapiga mbizi,
wageni wa Kyela, hawajajua wamefika kwenye baridi.
Mstari wa tope umepita juu ya usukani,
umenyooka kuliko rula ya mwalimu.

Matairi tu, bwana Asangalwisye?

Anakohoa. Anapandisha zipu ya koti.

Nageuza risiti ya mbolea, naandika mgongoni:
difu, laki nane.
Springi za nyuma, laki nne, nikimpata mwenye shida.
Matairi mawili bado yana meno.
Stata, sifuri. Dainamo, sifuri. Nyaya zote, sifuri.
Kabini, nani atanunua kabini inayonuka kambale?
Giaboksi: naweka alama ya kuuliza,
na alama ile, na mgongo wake uliopinda,
ndiyo inayobeba hesabu yote.

Dada yangu Tupokigwe amepiga simu mara tatu.
"Usinunue msiba wa mtu."
Dada, na wangu je? Uko kilimani umewekewa matawi ya miti
mbele na nyuma, malori yanaukwepa yakipiga honi.

Nafungua mlango.
Chini ya kiti cha dereva pameota mpunga.
Punje za safari gani sijui, zilimwagika, zikanywa, zikachipua,
kijani cha kutia aibu, urefu wa kidole,
juu ya zulia lililooza.
Asangalwisye anainama, anautazama kwa muda mrefu.
"Nilipanda juu ya kabini," anasema.
"Nilikaa hapo mpaka saa kumi na moja alfajiri.
Ilikuwa inatetemeka chini yangu kama ng'ombe."

Hakuna aliyemuuliza.

Fungua nati ya chini, namwambia Gwamaka.
Anatega kopo la rangi. Spana inateleza mara mbili,
anatukana kwa Kinyakyusa, polepole, kama anayesali.
Yanatoka maji kwanza,
kiasi cha kikombe cha kahawa,
kisha oili: nyeusi, nzito, haina povu.
Anachovya kidole, anasugua, ananusa.
"Meno yamelala kwenye mafuta," anasema. "Lakini siapi."
Kwa hilo la kutoapa ndiyo maana namlipa yeye.

Milioni tatu, nasema.
Asangalwisye anaondoka, anafika barabara ya lami,
anasimama pale pikipiki zinapogeuzia,
anarudi.
Na laki mbili, nasema.
Anakubali kwa kidevu.

Nahesabu noti juu ya bampa, mara ya pili kwa sauti.
Ananikabidhi kadi,
kisha ufunguo, una uzi mwekundu uliofifia
na kijikengele cha mbuzi.
Kadi naichukua. Ufunguo namrudishia:
sina cha kuwasha hapa.

Anautia mfukoni.
Anautoa.
Anautia tena.